Upasuaji wa kifua: Jinsi umeme mdogo unavyomsaidia mgonjwa kukohoa

Kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kifua, kukohoa ni mateso. Mbavu zake zimetanuliwa ili daktari ayafikie mapafu, na neva zinazopita chini ya kila ubavu zimebanwa au kujeruhiwa. Kwa kuogopa maumivu, hupumua juujuu na kukizuia kikohozi. Hapo ndipo hatari inapoanzia: makohozi hubaki kifuani, sehemu za mapafu husinyaa na nimonia hupata nafasi.

Bujumbura ndiko ziliko hospitali kuu za Burundi, ikiwemo Prince Régent Charles na ile ya Chuo Kikuu huko Kamenge. Huko, kama kwingineko, mgonjwa wa aina hii humhitaji mtaalamu wa tiba ya viungo. Mtaalamu huyo humketisha, humfundisha kuvuta pumzi ndefu, kukohoa huku amekumbatia mto juu ya jeraha, kunyoosha bega na kutembea mapema. Lakini mazoezi hayo hayafanyiki ipasavyo maumivu yasipotulizwa.

Mbali na dawa, kipo kifaa kiitwacho TENS, kinachosisimua neva kwa umeme mdogo kupitia ngozi. Hutumia betri, kwa hiyo umeme wa mji ukikatika hakizimiki. Vibandiko vyake huwekwa kandokando ya jeraha, kwenye ngozi isiyo na kidonda, na mgonjwa huhisi mtekenyo tu. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa uti wa mgongo una mfano wa lango: hisia za mguso zikipita kwa wingi, za maumivu huzuiliwa.

Hata hivyo, kifaa hiki kina mipaka. Utafiti wa Fabrizio Benedetti na wenzake nchini Italia, uliochapishwa mwaka 1997 na kuhusisha wagonjwa 324, ulionyesha kuwa kilifaa sana kwa maumivu madogo, kiliongezea nguvu dawa kwa maumivu ya wastani, lakini hakikufua dafu mbele ya maumivu makali ya mpasuo mkubwa wa ubavuni.

Aidha, aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo hapaswi kukitumia bila idhini ya daktari wake. Na kwa kuwa nafuu yake hupungua mara kinapozimwa, wakati mwafaka wa kupumua kwa kina na kukohoa ni kingali kikifanya kazi.