Betri mbovu: tazama zaidi ya bei ya kilo

Katika soko la vyuma chakavu hapa Unguja, betri iliyokufa haikosi mnunuzi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, ambayo huyeyushwa na kutumika upya. Mzigo nao upo. Kisiwa kilikaa bila umeme takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, na wenye hoteli na maduka wakajifunza kuweka jenereta na betri za akiba. Betri hizo hufa, na vijana wa skrepa huzifuata.

Anayetaka kuingia katika biashara hii, au kumpa mtaji anayeifanya, aangalie kwanza yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa.

Mwaka 2007 kiwanda cha Metal Refinery (EPZ) kilianza kuyeyusha betri kuukuu kando ya mtaa huo wa watu wapatao 3,000. Moshi na vumbi la risasi viliwadhuru wafanyakazi na majirani, hasa watoto, kwa kuwa risasi huharibu ubongo unaokua. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha.

Wawekezaji wazingatie jinsi hukumu ya 2020 ilivyogawa deni. NEMA, mamlaka ya mazingira, ilibebeshwa asilimia 40; kiwanda 25; wizara mbili na mamlaka ya EPZ 10 kila moja. Mwenye kiwanja kilichokodishwa naye alipewa 5. Kwa maneno mengine, leseni ya serikali haikumkinga mwenye kiwanda, na serikali iliyoshindwa kusimamia haikujificha nyuma ya kiwanda.

Zanzibar ina sheria zake. Usalama na afya kazini viko chini ya Sheria Na. 8 ya 2005, si ile ya Bara. Mazingira yanasimamiwa na ZEMA kwa Sheria Na. 3 ya 2015. Anayepeleka betri mbovu nchi za nje hufungwa na Mkataba wa Basel, ambao Tanzania iliingia 1993: nchi inayopokea lazima ikubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka.

Kabla ya kutoa fedha, uliza mambo matatu. Maji ya betri yanamwagwa wapi? Wafanyakazi wana glavu, vifaa vya kuziba pua na mahali pa kuoga, au wanarudi na vumbi la risasi nyumbani kwenye nguo zao? Mnunuzi wa mwisho ni nani, na kibali chake kiko wapi?

Asiyeweza kukujibu anakuuzia na sehemu ya deni lake.