Upepo na Asili Yake (Sehemu ya Pili): Mbona Shimo la Kimbunga Halijai?

Juma lililopita niliandika kwamba upepo ni hewa inayohama, ikitoka inakogandamiza zaidi na kwenda inakogandamiza kidogo. Nikadhani nimemaliza. Kesho yake asubuhi nikapokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Kilwa Masoko: “Shikamoo Mwalimu. Kama hewa hukimbilia penye upungufu, mbona kimbunga Hidaya kilitembea baharini siku tatu bila kujaa? Shimo si lingefukika kwa saa mbili?” Nilianza kumjibu kwenye simu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Swali ni zuri kuliko makala niliyokuwa nimeiandika, na nafasi hii yote ya leo ni yake.

Kwa waliokosa gazeti lile, nirudie kwa kifupi. Hewa ina uzito. Safu nzima ya hewa iliyo juu yetu, kutoka usawa wa bahari hadi inakokwisha, hulemea kila sentimita mraba kwa kilo moja hivi. Kiganja ulichokikunjua kinabeba zaidi ya kilo mia moja, nawe huna habari, kwa kuwa hewa iliyo chini yake inasukuma juu kwa nguvu ileile. Mwaka 1643 Mtaliano Evangelista Torricelli aligundua kuwa uzito huo unatosha kushikilia safu ya zebaki ya sentimita 76 ndani ya bomba la kioo. Miaka mitano baadaye Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda na bomba la aina hiyo kwenye mlima wa Puy de Dôme nchini Ufaransa, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Sisi tuna mlima mrefu zaidi wa kufanyia jaribio hilo: ukifika kilele cha Kibo, mita 5,895, karibu nusu ya hewa yote umeshaiacha chini yako, na kifua kinakueleza hivyo bila barometa. Vitabu vya shule huuita uzito huu kanieneo, watabiri wetu wa hali ya hewa husema mgandamizo wa hewa. Hupimwa kwa hektopaskali, na kwa wastani usawa wa bahari una 1,013.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni udogo wa tofauti zinazotosha kuleta upepo. Upepo wa bahari unaowapoza wakazi wa pwani alasiri huletwa na tofauti ya hektopaskali moja au mbili tu kati ya bahari na nchi kavu iliyopata joto. Hata kaskazi na kusi, pepo zilizoendesha biashara ya Bahari ya Hindi kwa zaidi ya miaka elfu, msingi wake ni mdogo. Januari, hewa iliyopoa hulundikana juu ya Siberia na Asia ya kati ikawa nzito. Julai mambo hugeuka: ardhi ya India na nyanda za Tibet huchemka na hewa yake kupanda, huku lundo la hewa nzito likikaa kusini, upande wa visiwa vya Maskarini. Tofauti kati ya ncha hizo mbili ni hektopaskali ishirini na kitu, yaani asilimia mbili hivi ya mgandamizo wote, tena iliyotandazwa juu ya maelfu ya kilomita. Majahazi ya Sur na Kachi yalifika Lamu na Unguja kwa asilimia mbili hizo.

Lakini tazama pepo zenyewe zinavyokwenda. Kaskazi haitoki kaskazini kamili, hutujia ikitokea kaskazini-mashariki. Kusi nayo hutokea kusini-mashariki, na ikishavuka Ikweta hujipinda hadi kuwa upepo wa kusini-magharibi unaopeleka mvua India. Manahodha waliitumia mipindo hiyo bila kuhitaji hesabu yake. Hesabu ilikuja 1835 kwa Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis, aliyekuwa akishughulika na mitambo inayozunguka wala hakuwa akiwaza upepo.

Chukua mtu aliyesimama Nanyuki, juu ya mstari wa Ikweta. Dunia inambeba kwenda mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa. Aliye Lindi, nyuzi 10 kusini, yuko karibu kidogo na mhimili wa dunia, kwa hiyo anabebwa kwa kilomita 1,645. Sasa hewa ikiondoka Ikweta kuelekea kusini, inasafiri na mwendo wake wa kwao. Ikifika Lindi inaikuta ardhi inayojikokota, basi inaitangulia upande wa mashariki. Kwa msafiri anayekwenda kusini, mashariki ni kushoto kwake. Huku kwetu kusini mwa Ikweta, kila hewa inayosafiri hupindishwa kushoto. Kaskazini mwa Ikweta hupindishwa kulia. (Wale vijana wa Nanyuki wanaowaonyesha watalii maji ya beseni yakizunguka kulia upande huu wa mstari na kushoto upande wa pili wanafanya mazingaombwe, na kwa kweli wanayafanya vizuri. Nguvu hii ni hafifu mno kwa beseni. Inahitaji kilomita nyingi na saa nyingi ili ionekane.)

Hapo ndipo penye jibu la msomaji wa Kilwa, au tuseme nusu yake.

Fikiria mgandamizo umepungua mahali fulani baharini. Hewa ya pande zote inasukumwa kuelekea hapo. Ingeenda moja kwa moja, shimo lingejaa kama alivyodhani. Lakini njiani inapindishwa kushoto, inakikosa kitovu na kupita kando yake. Inasukumwa tena ndani, inapindishwa tena nje. Mwishowe nguvu mbili zinakabana: mgandamizo unaisukuma ndani, mzunguko wa dunia na mwendo wake yenyewe vinaitoa nje, na hewa inabaki kulizunguka shimo bila kutumbukia. Huku kusini huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Mholanzi Buys Ballot aliigeuza habari hii kuwa kanuni ya mabaharia mwaka 1857, na mtu yeyote wa pwani anaweza kuitumia: simama ukiupa upepo mgongo, na upande wa mkono wako wa kulia ndiko mgandamizo uliko mdogo. Ukiwa Mafia siku za mwisho wa masika, kusi ikavuma kwa ukali usio wa kawaida, ipe mgongo. Utakuwa unatazama kaskazini, na mkono wa kulia utaelekea mashariki, baharini. Ikiwa kuna kimbunga, kiko huko.

Nusu ya pili ni kwamba msomaji wangu hakukosea kabisa. Karibu na uso wa bahari upepo unasuguana na mawimbi, unapoteza mwendo, na ukipoteza mwendo unashindwa kujizuia. Kwa hiyo katika kilomita moja ya chini kabisa hewa huvuja kuingia ndani, saa zote. Shimo kweli linajazwa. Ila kuna anayelichota.

Mchotaji huyo ni joto la bahari. Weka sufuria ya maji ya barafu jikoni na uangalie saa: muda wa kuyafikisha kwenye mchemko ni mfupi. Endelea na moto uleule hadi sufuria ikauke kabisa, utangoja zaidi ya mara tano ya muda ule wa kwanza. Joto lote hilo limeondoka na mvuke, halikupotea. Bahari yenye nyuzijoto 26 au 27 na zaidi inafanya kazi ya sufuria hiyo juu ya eneo kubwa kuliko mkoa. Hewa inayovuja kuelekea kitovu inakusanya mvuke njiani, kisha inapanda; mvuke ukigeuka kuwa wingu na mvua, lile joto lililofichika linafunguliwa huko juu, hewa inazidi kupata moto na kupanda, hadi kilomita 12 au 15, ambako inamwagika kwenda nje. Ni kisima kinachochotwa kwa kasi kuliko chemchemi zinavyokijaza. Kinachotoka juu kikizidi kinachoingia chini, shimo huzidi kina na upepo huongezeka. Upepo ukiongezeka, bahari hutoa mvuke zaidi.

Kinyang’anye kimbunga bahari ya moto, naye mchotaji amevunjika mkono. Ndiyo sababu vimbunga hudhoofika vikipanda nchi kavu. Vingine hudhoofika hata kabla ya hapo: Hidaya ilipoteza nguvu ilipokaribia Mafia, tarehe 4 Mei 2024, ingawa mvua zake zilitosha kuikata barabara ya Lindi huko huko Kilwa. Jobo, Aprili 2021, ilitutia hofu pwani nzima, ikanyong’onyea kabla ya kufika. Majirani zetu wa Msumbiji hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2019 Idai, ambayo kitovu chake kilishuka hadi hektopaskali 940 hivi, iliingia Beira usiku wa kuamkia Machi 15 na kuua zaidi ya watu elfu moja Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye Kenneth ikapita jirani na Ngazidja na kuingia Cabo Delgado, ng’ambo tu ya Ruvuma.

Linganisha tarakimu: hektopaskali moja au mbili ni kiyoyozi cha alasiri, ishirini na kitu ni msimu mzima wa majahazi, na 70 chini ya kawaida ni msiba. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa usawa wa bahari lilikuwa la kimbunga Tip katika Pasifiki, Oktoba 1979: 870. Na bahari yenyewe hufuata, kwa kuwa kila hektopaskali inayopungua huiacha ipande sentimita moja. Maji yanayofunika nyumba, hata hivyo, huletwa zaidi na upepo unaoyasukuma dhidi ya ufuko.

Sasa utaona kwa nini Mombasa na Entebbe hazijui kimbunga. Juu ya Ikweta hakuna mpindo. Hewa huenda moja kwa moja, na shimo hujaa kwa saa chache, sawasawa na hoja ya rafiki yangu. Chini ya nyuzi tano vimbunga ni adimu mno. Mombasa iko nyuzi 4, Dar es Salaam karibu 7, Kilwa karibu 9, Lindi 10. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na wazee wa huko wana habari zake. (Dhoruba za usiku za Ziwa Victoria, zinazowaua wavuvi wetu kila mwaka, ni za ukoo mwingine kabisa. Nitazieleza juma lijalo.)

Nchi zetu za joto zina jambo moja linalorahisisha ulinzi. Barometa ya huku hucheza kila siku kama saa ya ukutani: hufika juu saa nne asubuhi, hushuka saa kumi jioni, hupanda tena saa nne usiku, hushuka saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali tatu hivi, na chanzo chake ni jua linalopasha moto tabaka za juu za hewa. Nahodha aliyekuwa na barometa hakungoja wingu. Saa nne ikipita na sindano haijapanda, alijua kuna kitu.

Lakini kuwa karibu na Ikweta si kinga kamili. Dhoruba iliyoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 ilikuja nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, mahali ambapo mpindo ni hafifu. Ilizamisha meli za Sultani Barghash bandarini na kung’oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Ila mwinamo mkali wa mgandamizo hukaa karibu na kitovu. Makumi kadhaa ya kilomita pembeni, shimo lilelile huwa na kingo zilizolala na upepo wa kuvumilika. Pemba, kama kilomita 50 kaskazini ng’ambo ya mkondo, iliepuka kipigo kikubwa. Mkarafuu unaopandwa upya huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, na wakati Unguja ikipanda upya, Pemba ilikuwa ikichuma. Hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba.