Deli la Barafu: Unacholipia ni Unene

Je, wajua kwamba kilo moja ya barafu, hadi imalize kuyeyuka na kubaki maji ya nyuzi 0, inakuwa imemeza kilojuli 334 za joto? Joto hilo lingetosha kuyapandisha maji hayohayo kutoka nyuzi 0 hadi 80, yaani karibu na kuchemka. Ndiyo maana barafu haina mpinzani wa bei yake katika kuhifadhi samaki na nyama. Deli lenyewe halitengenezi baridi hata chembe. Kazi yake ni moja tu, kulichelewesha joto la nje lisiifikie barafu.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu mjadala wa madeli ya bei kubwa umefika hadi kwetu Singida. Wanaoingia pori la akiba la Rungwa na leseni zao za uwindaji mkononi wanayaona kwa wageni. Wafanyabiashara wa perege na kambale wa Ziwa Kitangiri, kule bondeni Iramba, wanayaona kwenye simu. Swali ni lilelile: je, boksi la plastiki la lita 40 hivi linaweza kustahili zaidi ya shilingi laki saba?

Mkoa wetu umeishi muda mrefu bila kifaa hicho, na haukuishi kwa kubahatisha. Kuku wa kienyeji wa Singida wanafika Dar es Salaam wazima, ndani ya matenga juu ya mabasi, na kuku aliye hai haozi. Samaki wa Kitangiri wasiouzwa wabichi hukaushwa au kukaangwa. Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, hugawana mnyama kambini na kumla mapema, na nyama inayobaki huchanwa vipande vyembamba na kuanikwa. Barafu inahitajika pale tu mlaji anapotaka kitoweo kibichi mbali na kilikotoka. Siku hizi walaji hao ni wengi, hasa baada ya kanuni za mwaka 2020 kuruhusu bucha za nyamapori.

Kuzuia joto si elimu mpya. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipakia tani 180 za barafu ya ziwani kwenye meli ya matanga kwenda Calcutta, India. Safari ilichukua miezi minne na kuvuka ikweta mara mbili. Zilifika tani 100. Hakukuwa na mashine yoyote ndani ya meli ile. Kilichoilinda barafu ni kuta mbili za mbao zilizojazwa kizuia joto katikati, na ule wingi wenyewe, kwa maana mzigo mkubwa una eneo dogo la kuingiza joto ukilinganisha na uzito wake. Madeli ya nyumbani yalikuja baadaye sana. Hataza ya Richard Laramy wa Illinois ilitolewa mwaka 1953, na muda mfupi baadaye kampuni ya Coleman ikayasambaza Marekani nzima. Haya ya bei ya juu yalianza kuvuma baada ya ndugu wawili wa Texas, Roy na Ryan Seiders, kuanzisha Yeti mwaka 2006. Walikuwa wavuvi na wawindaji, na walichoshwa na madeli yanayovunjika mfuniko ukiukanyaga.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo penye jibu. Chukua deli la lita 40 hadi 50, ambalo eneo lake la kupitisha joto ni kama mita moja ya mraba. Nje iwe nyuzi 30, ndani 0. Kama kuta ni za lile povu jeupe jepesi linalopakiwa na televisheni mpya, unene sentimita 2.5, joto litakaloingia kwa saa 24 linayeyusha kama kilo 11 za barafu. Badilisha kuta ziwe za povu la poliurethani la sentimita 5, kama yalivyo madeli ya gharama, na barafu inayopotea haifiki kilo 4. Tofauti ni karibu mara tatu. Povu la poliurethani ni bora, kweli, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na unene. Nembo iliyobandikwa mbele haizuii joto lolote.

Kuna deni lingine ambalo hakuna deli linaloweza kulikwepa. Samaki wanaotoka majini wana joto la ziwa. Kilo 20 za perege wenye nyuzi 28 zinahitaji kama kilo 6 za barafu ili tu zishuke hadi nyuzi 0, kabla hujaanza kuhesabu joto linalopenya kutoka nje. Kwa mwindaji deni ni zito zaidi, kwa sababu nyama inatoka na joto la mwili wa mnyama. Kilo 60 za nyama yenye nyuzi 38 zitameza zaidi ya kilo 20 za barafu. Ukiitupia moja kwa moja kwenye deli kubwa la gharama lenye kilo 10 za barafu, utafungua baadaye na kukuta barafu yote imeyeyuka na nyama imeanza kubadilika rangi. Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, wakati usiku wa Itigi na Rungwa una baridi ya kutosha. Nyama ikitundikwa usiku kucha mahali penye hewa, imefunikwa nzi wasiifikie, usiku unalipa sehemu kubwa ya deni hilo bila senti. Asubuhi ndipo iingie kwenye barafu.

Ukitaka kulijua deli kabla ya kulinunua, anza na mfuniko. Ugonge kwa kidole. Madeli mengi ya bei poa yana povu ukutani, lakini mfuniko ni mtupu, plastiki mbili na hewa katikati, na sauti yake inajitangaza. Kisha tazama ukingo, uone kama kuna mpira kama ule wa mlango wa friji. Weka kipande cha karatasi ukingoni, funga, halafu kivute. Kikitoka bila kukwama, hewa nayo itapita hapohapo. Zunguka pande zote nne, maana wakati mwingine ni kona moja tu iliyopinda. Malizia kwa kizibo cha kutolea maji. Samaki mzima akilala katika mchanganyiko wa barafu na maji baridi anapoa haraka kuliko kwenye barafu pekee, kwa kuwa maji yanamgusa kila upande, kwa hiyo usiyamwage hovyo. Nyama iliyokatwa ni kinyume chake. Maji yanaipausha na kueneza uchafu, basi ifungwe vizuri na maji yatolewe.

Matangazo yanayosema barafu itakaa siku tano au saba yachukue kwa tahadhari. Mara nyingi deli limepozwa kabla, limejazwa barafu hadi juu, limewekwa kivulini na halifunguliwi. Kipimo ninachokiheshimu ni cha Shirika la Afya Duniani kwa makasha ya chanjo. Kasha la safari ndefu linatakiwa kuhifadhi baridi saa zisizopungua 96 huku nje kukiwa na nyuzi 43. Makasha hayo hayana maajabu ndani yake. Yana kuta nene, mfuniko unaobana, na pakiti za barafu zilizopangwa kwa utaratibu, ndiyo maana chanjo zinafika vijijini zikiwa salama.

Hivyo basi, nani anunue? Anayekaa porini Rungwa, Kizigo au Muhesi siku kadhaa, mbali na barafu mpya, anapata thamani ya fedha yake. Kila kilo ya barafu isiyopotea ni nyama iliyookoka, na barabara za kule zinavunja deli jepesi upesi. Hata hivyo asilipie sifa zisizomhusu. Baadhi ya madeli haya yana cheti cha kustahimili dubu, kwa majaribio yanayofanywa na dubu hai huko Montana. Rungwa haina dubu.

Anayebeba samaki kwa bodaboda kutoka Tulya asubuhi na kumaliza kuuza Kiomboi kabla ya jua kuwa kali, namshauri asinunue. Safari yake ni ya saa chache, na fedha ile ingemnunulia barafu ya msimu mzima. Boksi la povu lililovikwa turubai, chupa za maji zilizogandishwa usiku, na kulaza boksi kivulini vinamtosha. Mwenye meza sokoni ana dawa aliyoigundua mwenyewe zamani: friji la kulala lililokufa mashine. Kuta zake zina povu la poliurethani lilelile, mfuniko una mpira, na mafundi huliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Na hapa nina ombi kwa mafundi wetu, kwa SIDO na kwa VETA Singida. Ganda la deli la bei kubwa linatengenezwa kama simtanki lililo nyuma ya nyumba yako. Unga wa plastiki hutiwa kwenye kalibu, kalibu ikazungushwa ndani ya tanuri hadi unga uyeyuke na kuganda ukutani, bila kiungo hata kimoja. Teknolojia hiyo ipo Tanzania, na povu la poliurethani linamiminwa kwenye magodoro na kuta za magari ya baridi. Tutengenezeeni deli la kuta za sentimita 5, mfuniko uliojaa povu na mpira unaobana, kwa bei ambayo mchuuzi wa Kitangiri ataimudu kwa mavuno ya msimu mmoja.