Tathmini ya Kisanduku cha Vudu: Wepesi wa Kuanza Filamu na Gharama Yake kwa Mtazamaji

Kisanduku cha Vudu, kilichoingia sokoni nchini Marekani mwaka 2007 kwa bei ya dola 399, kilisifiwa kwa kuwa filamu ilianza mara tu ilipochaguliwa. Sifa hiyo yahitaji kupimwa. Diski yake ya gigabaiti 250 ilihifadhi mapema sehemu za mwanzo za filamu nyingi. Mtazamaji alipokuwa akizitazama, vipande vilivyosalia vililetwa kwa intaneti, vingine kutoka katika visanduku vya wateja wengine. Hivyo mnunuzi aligharimia diski, umeme na intaneti vilivyomhudumia pia muuzaji, kisha akalipia kila filamu aliyoikodi. Jambo hili halionekani kwenye kioo cha televisheni, hata picha iwe safi kiasi gani.

Kisanduku cha Roku cha mwaka 2008 hakikutegemea diski. Kiliuzwa kwa takribani dola 100 na kutiririsha filamu za Netflix kwa ada ya mwezi. Tathmini inayoishia kwenye ubora wa picha na urahisi wa rimoti huacha swali zito zaidi: huduma ikisitishwa, mwenye kifaa hubaki na nini? Kisanduku cha Vudu hakikuwa hata na mahali pa kutia DVD.