Msichana Aliyetulia

Ukipita uswahilini jioni, iwe Temeke, Magomeni au Ng'ambo ya Unguja, utawakuta wasichana wa miaka 9 au 10 wakicheza rede. Wawili wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Anaruka, anainama, anapinda kiuno, anakimbia hadi jasho linamtiririka, na hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mazoezi. Rudi mtaa huohuo baada ya miaka minne. Wavulana wa rika lake bado wako uwanjani. Yeye yuko jikoni, au amekaa barazani anasukwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili, kwa wastani, dakika 60 kwa siku, kiasi cha kuhema. Mwaka 2019 watafiti wa shirika hilo walichapisha hesabu za wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146. Hadi kufikia 2016, wasichana 85 katika kila 100 hawakufikia kiwango hicho. Wavulana walikuwa 78. Kwa hiyo hata wavulana hawana cha kujivunia. Ila tangu 2001 wao walikuwa wamesogea mbele kidogo, na wasichana walibaki palepale.

Msomaji atauliza: mbona binti wa kijijini anachota maji, anatwanga, anabeba kuni? Ni kweli, na pengine anatoka jasho kuliko mshambuliaji wa timu ya kata. Hapohapo ndipo kikwazo cha kwanza kilipo. Saa kumi jioni mvulana anaulizwa mechi ni lini, dada yake anaulizwa ndoo iko wapi. Kazi imekula saa ya mchezo. Lakini maelezo hayo hayamtoshi binti wa mjini mwenye bomba uani na dada wa kazi jikoni. Naye ameacha kucheza.

Huyo inabidi tumfuate pale mwili wake ulipobadilika. Akishavunja ungo, mambo mengi humwangukia kwa pamoja. Kuna hedhi, na choo cha shule kisicho na maji, pengine hata mlango hakina. Kuna pia bei ya taulo za kike: Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2004. Tanzania iliiondoa 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata. Kuna pia matiti, jambo ambalo walimu wetu wa michezo hawalitaji kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliwauliza wasichana zaidi ya 2,000 wa miaka 11 hadi 18, na mwaka 2016 wakatoa majibu: asilimia 46 walisema matiti yao yanaathiri kwa namna fulani ushiriki wao katika michezo ya shule. Huko sidiria za michezo zimejaa madukani. Fikiria basi anayekimbia mita 200 na sidiria ya mtumba iliyolegea, mbele ya darasa zima la wavulana.

Hao wavulana, pamoja na bodaboda wa kijiweni na wapita njia, ndio kikwazo kizito kuliko vyote kwa maoni yangu. Uwanja wetu hauna ukuta. Msichana akikimbia, anatazamwa, tena kwa maneno. Nasi watu wazima tunamalizia kazi kwa lugha yetu. Binti anayesifiwa mtaani ni yule "aliyetulia". Anayeruka-ruka "hajatulia", na neno hilo halihusu miguu yake, linahusu tabia. Akipenda mpira wa miguu huitwa jike dume. Tukishamsifu mtoto miaka mitano kwa kutosogea, tunashangaa anaona haya kusogea.

Mavazi nayo yameingia humohumo. Nimeona wachezaji wa netiboli wakifunga kanga juu ya sketi fupi hadi filimbi ilie. FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu likafuata 2017, yaani kwa miaka mingi binti wa Kiislamu alikuwa anatakiwa achague kati ya dini yake na timu yake.

Kuhusu nyota wa kuigwa, sina matumaini makubwa kama wengine. Serengeti Girls, timu ya wasichana ya Tanzania, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, waliifunga Ufaransa njiani, na nilifurahi kama kila mtu. Lakini kuwaona kwenye runinga hakumpunguzii mtu vyombo vya kuosha. Tena mashindano ya shule huchuja: netiboli ina wachezaji saba uwanjani, na mamia waliobaki hugeuka washangiliaji. Asiye hodari hana pa kuchezea.

Kinachowavuta wasichana uwanjani kinaonekana vizuri Kilifi, pwani ya Kenya, ambako tangu 2001 shirika la Moving the Goalposts linawachezesha mpira wa miguu. Wasichana wenyewe ndio makocha, waamuzi na watoa huduma ya kwanza, na mazungumzo kuhusu afya ya uzazi yamo ndani ya mpango. Mchezaji asiye na kipaji naye ana nafasi, maana filimbi inahitaji mtu wa kuipuliza. Na mzazi anajua binti yake yuko na nani.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu, kabla hujachagua timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, mwakani, waite wasichana wote, hasa wasiocheza. Waulize wangependa kucheza saa ngapi, wakiwa wamevaa nini, na nani asiwepo pembeni mwa uwanja. Kuyatekeleza hayo matatu hakuhitaji kusubiri bajeti ya wizara.