Lee, Carter na Mhusika wa Tatu: Ucheshi wa Filamu katika Vibanda vya Video vya Migori na Homa Bay

Makala hii inanuia kueleza kinachoburudisha katika filamu za mapigano zenye ucheshi, hasa zile zinazowafunga nira moja mashujaa wawili wasiolingana. Mfano wetu ni Rush Hour (1998), iliyoongozwa na Brett Ratner. Jackie Chan anaigiza Lee, mpelelezi mtulivu wa Hong Kong. Chris Tucker ni Carter, polisi mropokaji wa Los Angeles. Binti ya balozi mdogo wa Uchina anatekwa nyara, nao wanajikuta pamoja wapende wasipende.

Burudani hiyo ina nguzo mbili. Kwanza ni mapigano: Chan huruka, huparamia kuta na kugeuza chochote kilicho karibu kuwa silaha, hivyo hata asiyefahamu mazungumzo hufurahi. Pili ni ukinzani wa wahusika. Carter anadhani Lee hajui Kiingereza, basi anamsemesha kwa sauti kubwa kama mtoto. Lee ananyamaza, kumbe anakijua barabara. Kicheko kinatokana na lugha yenyewe.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Katika vibanda vya video vya Migori na Homa Bay, ambako Dholuo, Kikuria na Kisuba ni lugha za nyumbani, filamu za aina hii huwafikia wengi kupitia sauti ya msimulizi, mashuhuri miongoni mwao akiwa DJ Afro. Je, Lee na Carter wanaposema Kiswahili kwa kinywa kimoja, mzaha wa Kiingereza utasalia wapi? Msimulizi hana budi kuuunda upya: abadili lafudhi, apachike lakabu, au aidokezee hadhira kuwa Lee anajifanya bubu. Kwa hivyo, yeye si mfasiri tu, bali ni fanani mbele ya hadhira yake, mfano wa mtambaji wa ngano.

Wapo wanaolalamika kuwa Sheng ya wasimulizi hao huchafua Kiswahili sanifu. Hofu hiyo ina msingi darasani. Hata hivyo, fasihi simulizi haijapata kungoja idhini ya kamusi. Sanaa hii ikipuuzwa na vyuo vyetu, itapotea pamoja na kanda na santuri zake. Wanachama wenzangu, tuingieni vibandani na madaftari yetu. Tutacheka, na tutajifunza.