Kuba Nyekundu na Nyeupe

Chuoni tulikosomea Kurani, ole wake mtoto aliyechora hata kuku juu ya ubao wake. Maalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na neno moja: chenye roho hakichorwi. Bakora ilimalizia maelezo. Hivyo nimeupita umri wa miaka hamsini nikizitazama picha kwa jicho la pembeni.

Juzi sahibu yangu alinifungulia kitabu cha michoro, akaweka kidole juu ya mmoja uitwao "Kuba Nyekundu na Nyeupe". Aliuchora Paul Klee, mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1914. Ni mdogo mno, hautimizi sentimita 15 kila upande.

Aprili ya mwaka huo Klee na wenziwe wawili, August Macke na Louis Moilliet, walivuka bahari hadi Tunisia. Wakafika Kairouan, mji ulioasisiwa na Uqba bin Nafi mwaka 670, ambamo pia mna ziara ya sahaba Abu Zamaa al-Balawi, anayesimuliwa kuwa alihifadhi nywele za Mtume (S.A.W.). Walikaa huko siku chache tu. Walakini Klee aliandika katika kumbukumbu zake kwamba ni huko rangi zilipomshika, akajijua kuwa mchoraji.

Msomaji mpenzi, mchoro huu haukuigiza jengo jiwe kwa jiwe. Umegawika viraka vya rangi kama mkeka wa miaa iliyotiwa rangi, na katika viraka hivyo zimechomoza kuba. Sikuona mtu wala mnyama. Hata maalimu asingepata pa kuiweka bakora yake.

"Lakini kuba za maziara ni nyeupe," akasema sahibu yangu. "Huu wekundu kauzua!"

Nikamwambia hapana. Utotoni nikifuatana na bibi yangu kwenda ziarani, yeye na chetezo chake cha udi, mimi na viatu vyake mkononi. Jua likitua, ile kuba ya chokaa ilikuwa nyekundu kwa muda mfupi kuliko adhana ya Magharibi, kisha ikafifia. Nilikuwa nimekwisha kuyasahau hayo. Amenikumbusha mgeni asiyekuwa wa dini yetu.

Macke aliuawa vitani Septemba ya mwaka ule ule, naye ana miaka 27. Klee alifukuzwa ualimu katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf mwaka 1933, chini ya utawala wa Hitler. Leo kuba zake zimehifadhiwa katika jumba la sanaa la mji huo huo wa Düsseldorf.

Na ile ya bibi yangu? Nilikwenda kuitazama wiki iliyopita. Imepasuka ubavuni, chokaa imebanduka, magugu yameota mlangoni. Wako wasemao kuzuru makaburi ni sunna, wako wakatazao kuyajengea. Mabishano hayo nawaachia mashekhe. Mimi nilikaa nje mpaka jua likatua. Ilikuwa nyekundu vile vile, ufa na yote.

Kesho nakwenda kununua chokaa.